Kiti Kilichoandikwa BABA

Tiketi ya kutembezwa ilikuwa moja kwa viwanja viwili vya mpira: asubuhi kwa Nyuki, mchana kwa Mamba. Mimi mpira siupendi. Umeigombanisha nyumba yetu mpaka leo nikiusikia redioni nazima. Lakini baba aliniomba, na tangu kaka yangu afariki mwaka jana hajaniomba kitu kingine. "Nataka kuona alipokuwa anavulia viatu," alisema. "Basi."

Kaka yangu walimwita Gundi, maana mpira ukigusa mikono yake haukubanduka. Alianza kudaka kwa Nyuki, timu ya babu, timu ya baba, timu ambayo baba aliichomea mageti ya chuma kwa mapenzi tu. Kisha akahamia Mamba, mahasimu wa Nyuki. Baba ni fundi vyuma, na kichwa chake ni kigumu kuliko vyuma vyake. Alilitoa begi la kaka nje akasema mchezaji wa Mamba hana kitanda humu. Hata kwenye harusi ya kaka hakwenda. Miaka sita hawakusemeshana, kisha moyo wa Gundi ukasimama mazoezini, akiwa na miaka thelathini na moja.

Kwa Nyuki asubuhi baba alichangamka. Alimsahihisha mtembezaji mara nne. "Hilo kombe si la mwaka huo, mwanangu. Mwaka huo tulifungwa na mvua." Watu wakacheka, mtembezaji akaandika pembeni. Kisha tukafika kwenye picha ya timu ya ubingwa. Safu ya nyuma, katikati, kulikuwa na mchezaji aliyebandikwa karatasi usoni.

"Mashabiki hao," mtembezaji akasema. "Tunabandua, kesho tunaikuta tena."

Baba akapita haraka akiulizia choo. Mimi nikaibandua kwa ukucha. Gundi alikuwa anacheka, meno yote nje, mjinga wa watu.

Kwa Mamba tulipokelewa na mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Hakutujua. Alituonyesha makumbusho, bafu, chumba cha kubadilishia nguo. Baba aliligusa benchi kwa kiganja chote, kama anavyogusa chuma kujua kama kimepoa. Kisha tukapanda jukwaa kuu, kwenye safu yenye viti vilivyoandikwa kwa rangi nyeupe: MAMA, MKE WANGU, SHANGAZI, BIBI.

"Hapa Mamba kila mchezaji ana kiti kimoja cha mtu wake," mama akaeleza. "Anaandika mwenyewe. Hakiuzwi hata uwanja ukijaa. Na akifariki akiwa wetu, kiti kinabaki." Akagonga kimoja kwa ufunguo. "Hiki ni cha Gundi, golikipa wetu, Mungu amrehemu."

Kilikuwa kimeandikwa BABA.

"Miaka sita huyo baba hakutia mguu. Sisi tunasema labda ni Nyuki."

Wageni wakaangua kicheko. Baba naye akacheka, na kicheko chake ndicho kilichochelewa kuisha.

Wengine waliposhuka kutazama nyasi, baba akakaa kwenye kile kiti. Nilisimama pembeni yake, nikijua swali alilotaka kuniuliza.

Ukweli ni kwamba baba alitia mguu. Kila Nyuki walipokuja kucheza hapa alikuja nao, amevaa njano, akakaa nyuma ya goli la kusini katikati ya watu waliomtukana mwanawe kwa jina la mama yake, ambaye ni mke wake yeye. Yeye alimtazama tu. Kipindi kizima Gundi alikuwa hatua ishirini mbele yake, amempa mgongo. Mechi ya kwanza ilipokaribia baba alikuja kazini kwangu posta, akapanga foleni kama mteja, na alipofika dirishani akasema, "Mwambie ndugu yako nitakuwa nyuma ya goli la kusini. Akigeuka ataniona." Akaondoka bila hata stempu.

Sikumwambia. Nilikuwa na hasira. Nilijisemea, mdomo anao, amwambie mwenyewe, kwanza aombe radhi kwa lile begi. Nikangoja radhi. Hasira hasara, wanasema, nami hasara hiyo nilimbebesha mtu mwingine.

"Ulimwambia?" baba akauliza. Alikuwa anatazama goli la kusini.

Ningefanya nini? Mzee wa miaka sabini na mbili, amekaa kwenye kiti alichoachiwa na marehemu.

"Nilimwambia, baba."

"Mwaka ule ule wa kwanza?"

"Siku ile ile."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nilidhani nimempoza. Kumbe nilikuwa nampiga kisu.

"Basi alijua," akasema. "Miaka yote sita alijua nipo pale. Na hakugeuka hata mara moja."

Uso wake ukabomoka. Sijawahi kumwona baba hivyo, hata makaburini. Alijifuta kwa kiganja kile kikubwa, na machozi yakaendelea. "Nilistahili," akasema. "Nilistahili, binti yangu. Mimi ndiye niliyetoa begi."

Nilijaribu kunyamaza. Nilihesabu viti mpaka cha kumi na nne.

"Baba, sikumwambia."

"Nini?"

"Nimekudanganya. Gundi hakujua. Sikumfikishia. Nilikuwa nimekukasirikia."

Alinigeukia. Nilingoja tusi, nilingoja kofi. Ningevipokea vyote kwa mikono miwili. Lakini alichofanya ni kushusha pumzi, mabega yakalegea, na uso ukatulia.

"Hakujua," akasema. "Hakunidharau. Mwanangu hakujua."

Akainuka, akamwita yule mama kwa sauti, akamwambia yeye ndiye baba wa Gundi. Mama akaweka mkono mdomoni. Baba akamwomba ampeleke nyuma ya goli la kusini, ili naye amwonyeshe alipokuwa akikaa miaka ile sita.

Nikanyanyua mkoba niwafuate.

"Wewe baki," baba akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama unavyomwambia mtu usiyemfahamu kwamba nafasi hii ina mwenyewe.