Mara Nne Nilisema Futa

...siyo yangu hiyo, ni sauti ya wifi yangu, dada wa mume wangu, sauti ya mapokezi ya hospitali, karibu tukusaidie, lakini sufuria pale ukutani, kwenye video ya mwanangu wanayoonyesha darasani, ni yangu, mkono unaofunua mfuniko ni wangu, na kovu la kidole gumba, nimepungua nini basi... Jumamosi mwanangu alileta tableti ya shule kaikumbatia kama yai, mama, kila mtu atunge hadithi yake ya sayansi, picha na sauti, wewe uwe Tone la maji, nikacheka, mimi niliyeishia darasa la saba? Tukafunga mlango, nikasema, mimi ni Tone, moto umenipandisha, msidhani nimekwisha, maji hayaishi, yanahama... nikamwambia futa, sauti yangu inakwaruza, tukarudia, futa, watatucheka, mara nne, ya tano akagoma, hii nzuri mama, akanipiga busu, na Jumapili wifi akapita, naazima mtoto anisaidie kukunja nguo, kumbe nguo gani, walikwenda kurekodi upya kwa sauti yake, kikulacho ki nguoni mwako, na leo nimevaa gauni la kutokea, nimekaa kwenye kiti cha watoto magoti yananigusa kidevu, namsikia wifi akisoma, maji yakichemka huisha, huisha! Sasa hayo yanayodondoka chini ya mfuniko yametoka wapi... nyuma yangu mmoja ananong'ona, shangazi mtu anafaa redioni, na mkono je? Aa, labda wa dada wa kazi, wanacheka, mwalimu anasema asante shangazi, wifi anainuka, anapunga mkono, makofi, mwanangu amesimama kando ya projekta anatazama viatu vyake, nitazame basi, tumbo langu lilikubeba wewe, hukuweza hata kuniambia, mama nimeibadilisha... anakwaruza kucha ukutani, kama mimi mbele ya wageni, hivyo hivyo, ee Mungu, amejifunza wapi kuona haya, nani alimwambia watatucheka, nani alimfundisha kufuta, Jumamosi, mlango umefungwa, mara nne... sijakusamehe, bado inauma, lakini hayaishi, mwanangu, ulinisikia nikisema, yanahama, mwalimu anauliza wazazi kuna swali, anauliza tena, picha imeganda, mkono wangu mmoja uko ukutani umeshika mfuniko, huu mwingine nauinua kutoka mapajani, nafungua mdomo, sauti inakwaruza, na safari hii sisemi futa.