Udongo wa Daraja la Tano

Leokadia Wątor alilima hekta nne nyuma ya nyumba yake kwa miaka thelathini na minne: ngano, viazi sukari, na majani ya ng'ombe wake sita. Nyumba ilikuwa yake. Shamba lilikuwa la kaka yake, Ireneusz, anayeishi jijini Wrocław. Baba yao aliliandika kwa jina la mtoto wa kiume, kama walivyofanya wengi hapa kijijini Rogowica. Mwezi Machi Ireneusz aliomba baraza libadilishe matumizi ya shamba hilo ili zijengwe nyumba kumi na mbili. Baraza liliweka ramani mpya hadharani na kutoa siku ishirini na moja za kupokea pingamizi.

Leokadia alikwenda ofisini siku ya pili. Sheria aliijua: ardhi ya daraja la kwanza hadi la tatu, yaani yenye rutuba zaidi, haijengwi bila ruhusa ya waziri, na ruhusa hiyo hutolewa kwa nadra. Udongo wake ulikuwa mweusi, mzito, usio na jiwe. Bi Honorata, karani wa ramani, alifungua kabati, akamwonyesha.

"Daraja la tano, mama. Mchanga."

"Mchanga? Umewahi kufika kule wewe?"

"Mimi nasoma kilichoandikwa."

Kilichoandikwa kilikuwa kazi yetu wenyewe. Katika miaka ya hamsini kila shamba lilipangiwa nafaka ya kupeleka serikalini kulingana na ubora wa udongo, na aliyeshindwa alifungwa. Mpima udongo alipokuja Rogowica, Wincenty Wątor, baba yake Leokadia, alimchinjia bata bukini na kumkalisha mezani siku mbili. Siku ya tatu wanaume walimpeleka ukingoni mwa kijito, mahali pekee penye mchanga, wakamchimbia mashimo yote hapo. Baba yangu ndiye aliyeshika koleo. Kijiji kizima kikaandikwa daraja la tano. Serikali ile ilipita, na zile nafaka za lazima pia, ila kodi ya ardhi bado inafuata daraja, hivyo hakuna aliyesahihisha. Watoto walikuwa wakisimuliwa habari hii arusini, watu wakicheka.

Udongo unaweza kupimwa upya, lakini kwa ombi la mwenye shamba tu. Leokadia alimpigia Ireneusz simu mbele yangu, jikoni kwake.

"Kaka, omba wapime. Ni karatasi moja tu."

"Dada, nijipige risasi mguuni? Nina miaka sabini. Wewe una pensheni na nyumba. Unataka nini tena?"

"Nataka kulima."

"Lima bustani."

Alikata simu. Leokadia aliiweka mezani, akanigeukia. Shamba langu linapakana na lake kwa mita mia mbili. Kati yetu kuna mfereji tu.

"Walerian, wewe ni mwenye shamba. Omba lako lipimwe. Wakikuta ni daraja la pili kwako, hawataweza kusema kwangu ni mchanga. Watalazimika kusimamisha."

"Wakija kwangu watakwenda kwa wote," nilisema. "Kodi itapanda kijiji kizima."

"Itapanda."

"Watu watanichoma moto, Leokadia."

"Basi niambie hapana, nijue."

Nilimwambia nitafikiri. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne. Sikufikiri, jibu nililijua tangu nikiwa pale jikoni. Aliwaendea wengine watano wenye mashamba jirani. Mmoja alimwambia mkewe aseme hayupo, naye yuko zizini akikohoa.

Mkutano wa baraza ulifanyika kwenye ukumbi wa zimamoto. Leokadia alileta ndoo ya udongo, akaiweka juu ya meza ya madiwani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, tia mkono. Huu ni mchanga?"

Mwenyekiti alitazama ndoo, akatazama suti yake. "Mama Wątor, ndoo si hati. Kuna mwananchi yeyote hapa anayeweza kuthibitisha kwamba ramani ina makosa?"

Tulikuwa watu arobaini na kitu, na kila mmoja wetu aliijua habari ya bata bukini. Nyuma mtu alinong'ona, "Sema basi, Walerian, wewe ndiye jirani," na wawili wakacheka chini chini. Nilikuwa natazama kofia yangu.

"Hayupo," mwenyekiti alisema. "Tupige kura."

Madiwani kumi na nne walikubali mabadiliko, mmoja hakupiga. Leokadia aliichukua ndoo yake. Mlangoni hakuna aliyempisha kwa makusudi wala kumzuia, alipita tu.

Ng'ombe waliuzwa Oktoba, baada ya mavuno ya mwisho. Aprili iliyofuata tingatinga liliondoa udongo wa juu kabla ya kuchimba misingi. Msimamizi wa ujenzi, kijana wa mjini, alishusha futi yake ya kupimia shimoni mara mbili kwa kutoamini: sentimita tisini za weusi mtupu.

"Nani aliandika hii daraja la tano?" alimwuliza Leokadia aliyekuwa amesimama kwenye ua wake. "Alikuwa kipofu?"

"Alikuwa amekula," alisema Leokadia.

Malori yalibeba udongo ule siku tisa, kwenda kwenye bustani za mjini. Msimamizi alikuwa mtu mwema. Alimwambia, "Mama, nikumwagie lori moja, bure? Utapanda maua."

"Unimwagie wapi? Kwenye ngazi?"

Kijana aliomba radhi, akarudi kazini. Leokadia aliniona ng'ambo ya mfereji, nikiwa na mfuko wa mbegu. Nilivua kofia. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayesoma namba ya nyumba isiyo yake, kisha akaingia ndani. Nami niliendelea kupanda, kwa sababu mvua ilikuwa imetabiriwa alasiri.