Jumatatu ya Pasaka Bongoyo

Severa alishuka kwenye basi la kutoka Moshi siku chache kabla ya Pasaka, na mkungu wa ndizi na ujumbe wa mama yake. Ndizi alizitoa mlangoni. Ujumbe alikaa nao.

Mdogo wake, Kasmir, aliuza vitambaa Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Yeye ndiye kitinda mimba, na kwa desturi ya kwao Kibosho, kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya baba na migomba inayoizunguka. Baba yao alikuwa amezikwa tangu masika ya mwaka uliopita. Kasmir alijua dada yake amefuata nini, kwa hiyo hakumuuliza. Alimpeleka kanisani, akampeleka sokoni, akamnunulia kanga. Jumatatu ya Pasaka akampeleka kisiwa cha Bongoyo.

Safari ilikuwa ya Umakant, mwenye duka la jumla ambako Kasmir alichukua bidhaa. Alikuwa amekodi motaboti kwa ajili ya familia yake na nafasi zilikuwa zimebaki. Severa alikaa katikati, ameshika ubao kwa mikono miwili, macho yake kwenye visigino vya nahodha Bushiri mpaka walipofika.

Kisiwa kilikuwa kimejaa watu. Wazungu walikuwa wametandika mataulo yao upande mmoja, peke yao. Upande wa pili watoto wa Kihindi walichimba mchanga, na vijana wa kwaya fulani walicheza mpira wakiwa wamevaa suruali za kanisani. Jasumati, mke wa Umakant, alifungua kapu la chapati na achari, akamkaribisha Severa kivulini.

"Unaona, dada?" Kasmir alisema. "Huku mtu anapumzika."

"Naona."

Kasmir akavua viatu, akakunja suruali, akaingia majini kumwonyesha kwamba hakuna cha kuogopa. Maji yalikuwa yamepwa. Alifika kwenye mawe, akageuka kumpungia mkono, kisha akapiga kelele. Alirudi akirukaruka kwa mguu mmoja, unyayo umejaa vimiba vyeusi vya mdudu wa baharini aliyemkanyaga.

Bushiri aliuangalia. "Usivichokonoe, vitakatikia ndani. Mwenye ndimu alete, maji yake yatavilainisha."

Jasumati alikuwa nazo kapuni. Severa aliupakata mguu wa mdogo wake, akakamua ndimu juu yake. Kasmir alifumba macho, akang'ata mkono wa shati.

"Mama anasema urudi," Severa alisema, akiendelea kukamua.

"Nilijua utasema."

"Basi jibu."

Kasmir hakufumbua macho. "Sirudi, dada. Nina duka, nina wateja. Mama aje akae na mimi."

"Mama hataacha kaburi la baba. Unamjua."

"Najua. Hata hivyo sirudi."

Alingoja lawama. Severa aliitupa ndimu iliyokwisha, akachukua nyingine.

"Vizuri," alisema. "Nataka uwaambie hivyo baba wadogo kwa mdomo wako. Halafu uwaambie migomba umeniachia mimi."

Kasmir akafumbua macho. Severa alikuwa ameachika, akarudi kwao na nguo zake tu, na tangu hapo alilima shamba ambalo kila mtu alimwambia si lake.

"Mwanamke? Hawatakubali."

"Wewe ndiye mwenye shamba. Wakikataa, watakukataa wewe."

"Na mama?"

"Mama anataka mtu wa kukaa naye. Mimi nipo."

Umakant na Jasumati walikuwa wameacha kula, wakitazama baharini kwa adabu.

"Ulikuja ukijua nitakataa," Kasmir alisema.

"Nilikuja nikiomba ukatae."

Akaufuta mguu ule kwa kitambaa chake cha kichwani, akaushusha mchangani, akainuka. Alitembea hadi majini, akasimama yalipomfikia magotini, ameshika pindo la gauni. Alikaa huko muda mrefu. Bushiri alipoita watu warudi, ilibidi amwite mara mbili.

Mwezi wa saba Kasmir alipanda Kibosho, akawaambia baba zake wadogo alivyoagizwa. Walibishana naye siku nzima. Mmoja wao alisusa pombe ya kikao na kuondoka, na mpaka leo hamsalimii. Waliobaki walikubali, kwa sharti kwamba Kasmir akipata mtoto wa kiume wazungumze upya. Severa alisikiliza akiwa nje, akimenya ndizi za jioni, wala hakuingia kushukuru.