Siku Nyumba Nzima Ilipolewa

Chuma alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kabla hajawa msimamizi wa nyumba ya watu walioacha pombe, na nyumba yenyewe aliiendesha kama geti: ama limefungwa, ama limefunguliwa. Zamani na yeye alipiga mtungi, mpaka siku moja akamchomelea mteja geti lisilofunguka, huku mwenyewe kabaki upande wa ndani. Tangu atolewe kwa ngazi hakuonja tena.

Kanuni yake ilikuwa moja. Kila asubuhi, kabla ya chai, wakaaji walipanga foleni sebuleni na kupuliza kipima pombe. Kikinyamaza, unakunywa chai. Kikilia, unafungasha virago.

Wiki iliyopita kilimlilia Kinyozi, ndugu wa mkewe Chuma. Kinyozi alikuwa na mafua, pua imevimba kama nyanya, na zamu yake ilipofika alipiga chafya juu ya mashine. Chuma akaifuta kwa pamba, akamwambia apulize. Ikalia.

"Shemeji, sijagusa kitu," Kinyozi akasema. "Nimekunywa maji ya moto na limau, basi. Muulize dada."

"Mashine haina shemeji," Chuma akajibu, na mkoba wa Kinyozi ukafika getini kabla ya mwenyewe.

Tangu siku hiyo mke wake, ambaye ndiye aliyekuwa akipikia nyumba nzima, alisema naye kwa kupitia paka tu. "Paka, mwambie mwenye nyumba chakula kinapoa." Chuma alijifanya hajali. Lakini kila jioni alipita mbele ya kibanda cha kunyolea cha Kinyozi kwa upande wa pili wa barabara, akachungulia kama mwizi, akarudi bila kubisha.

Sasa mkaguzi alikuwa njiani. Shirika linaloangalia nyumba za namna hiyo lilikuwa limemtuma mama mmoja mnene, mpole wa sauti, kuja kuona kama nyumba inafaa kupewa cheti. Chuma alipiga deki mpaka sakafu ikateleza. Alifuta madirisha, vitasa, hata balbu. Asubuhi yenyewe alichukua pamba, akailowesha vizuri, akawa anafuta mdomo wa kipima pombe kila mara kabla mtu hajapuliza, ili mgeni aone usafi wa kweli.

Mama mkaguzi alikaa kwenye kiti cha mbao, mkoba mapajani, akauliza maswali yake polepole.

"Mtu akidhulumiwa hapa, analalamika kwa nani?"

"Kwangu," Chuma akasema.

"Na kama wewe ndiye uliyemdhulumu?"

"Bado kwangu, mama. Mimi sisafiri."

Dereva, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, alikohoa kuficha kicheko. Kisha akapuliza. Mashine ikalia.

"Mimi?" Dereva akasema. "Nalala chumba kimoja na Mwalimu. Hata nikiota anajua. Muulizeni."

"Hajanywa," Mwalimu akasema. Alikuwa mzee mstaafu, mwenye kupiga pasi hata soksi. Akafutiwa mashine, akapuliza. Ikalia.

"Ahaa," Dereva akasema. "Kumbe ulikuwa unakunywa peke yako bila mimi."

Aliyefuata, ikalia. Aliyefuatia huyo, ikalia. Jasho likaanza kumchuruzika Chuma mgongoni. Aliona cheti kikipaa dirishani, dirisha lenyewe likiwa safi kweli.

"Puliza wewe," mama mkaguzi akasema.

"Mimi ni msimamizi."

"Ndiyo. Puliza."

Chuma hakuwahi kupuliza tangu mashine iingie nyumbani. Akaifuta kwa pamba, tena kwa bidii, akavuta pumzi na kupuliza. Ililia mpaka paka akatoka mbio jikoni.

"Duh," Dereva akasema. "Bosi ndiye kalewa kuliko wote."

"Mashine haina shemeji," Mwalimu akasema kwa upole, na Dereva tayari alikuwa amekwenda kumletea Chuma begi lake. Alilileta likiwa wazi, na shati moja limeshakunjwa ndani.

Mama mkaguzi akanyoosha mkono, akaichukua mashine na kupuliza mwenyewe. Ikalia.

"Mimi chupa niliiacha kabla nyie hamjaanza," akasema. Akainusa mashine. "Unaifutia nini, mwanangu?"

"Spiriti, mama. Ile wanayofutia sindano."

"Na spiriti ni kitu gani?"

Chuma aliitazama pamba mkononi mwake. "Ni pombe," akasema.

Mama alicheka mpaka mkoba ukadondoka. Wengine wakafuata, Dereva akakaa chini kabisa. Chuma peke yake hakucheka. Alikuwa anaiona ile pamba ya wiki iliyopita, na ile chafya.

"Kuna mtu nimemtoa," akasema.

"Alipuliza mara ngapi?"

"Moja."

"Ulimsikiliza?"

"Alisema. Mimi nilikuwa nafungua geti."

"Akaenda kulala wapi?"

"Sikuuliza," Chuma akasema, akitazama sakafu yake inayong'aa.

"Cheti hakipo leo," mama akasema. "Mtu anapuliza, unasubiri kidogo, anapuliza tena. Anasikilizwa, na mtu mwingine asiye wewe. Na hata akiwa amekunywa kweli, hatoki hapa bila kujulikana anakokwenda. Lakini hayo baadaye. Nenda."

Chuma aliweka kimrija kipya cha kupulizia kwenye mashine, akaitia mfukoni na kuondoka na ndara miguuni.

Mlango wa kibanda ulikuwa umefungwa nusu. Ndani giza, na harufu ya spiriti ilimpiga usoni. Wiki iliyopita hiyo tu ingetosha kumhukumu. Safari hii alibisha.

"Fungua mwenyewe. Au mageti yamekushinda?" sauti ikasema.

Kinyozi alikuwa anafuta mikasi. Godoro lake lilikuwa limekunjwa chini ya kioo.

"Umekuja kunyolewa au kuomba radhi?"

"Vyote, shemeji. Nilifuta mashine kwa spiriti. Leo imewalilia wote, mpaka mkaguzi."

Kinyozi alikung'uta kitambaa cha kunyolea. "Kaa."

Chuma akakaa. Mashine ya kunyolea ikaanza kuunguruma.

"Nataka urudi nyumbani," Chuma akasema. "Kama umekunywa, sema. Kama umekunywa rudi vilevile, tutajua pa kuanzia."

"Jana nilifika mpaka mlango wa baa," Kinyozi akasema. "Nikakuta geti ni kazi yako, limepinda. Nikacheka, nikageuka."

Alinyoa upande mmoja wote, kisha akazima mashine. "Nipe hiyo nyingine." Akapuliza. Kimya. Akasubiri, akapuliza tena bila kuambiwa. Kimya. Akainama, akavuta mkoba wake chini ya kiti.

"Na nusu hii je?" Chuma akauliza, akijishika kichwa.

"Nitamalizia nyumbani, nikishakunywa chai."

Wakatembea barabara nzima hivyo, watu wakigeuka kutazama. Mke wa Chuma alikuwa amesimama getini. Alikitazama kichwa cha mumewe, akamtazama ndugu yake na mkoba wake.

"Ingieni," akasema, bila kumtafuta paka.