Dawa ya Viatu ya Masizi ya Ukutani

Jumamosi asubuhi mng'arisha viatu alibandika sufuria kubwa ya maji jikoni, na maji yalipoanza kuchemka akaweka ndani yake sufuria ndogo yenye kipande cha nta ya nyuki. Nta haitaki moto wa moja kwa moja. Ikiungua hutoa harufu mbaya na viatu hubaki vikinata. Ilipoyeyuka aliongeza vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, akakoroga kwa kijiti, kisha akamwagia masizi aliyokwisha kuyachekecha kwa chujio la chai, kidogo kidogo, mpaka uji ule ukawa mweusi tii. Akaumimina kwenye makopo manne, akayapanga dirishani yagande.

Hakuwa mtu wa majaribio. Kwa miaka kumi na sita alikuwa ameketi chini ya ngazi za idara ya kazi, akipaka viatu vya wakubwa dawa ya dukani, na kifua kilipoanza kumbana daktari alimwambia achague: ile harufu au mapafu yake. Akachagua mapafu. Nta alipewa na mfuga nyuki. Masizi aliyakwangua kwenye ukuta wa nje wa nyumba yake, yalikoganda tangu siku kiwanda cha kushona mashati, kilicho nyuma ya nyumba, kiliposhika moto saa tatu asubuhi na kuua wanawake kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa wifi yake. Majirani wote walikuwa wameshakwangua kuta zao na kuzipaka chokaa. Yeye hakuwa amepata nafasi.

Mama mkwe wake alikuwa kwenye kigoda, anachambua maharage.

"Masizi ya kule?" aliuliza.

"Masizi ni masizi, mama."

"Haya," mama mkwe akasema, akaendelea kutupa vijiwe pembeni.

Jumatatu mteja wa kwanza alikuwa karani wa masjala. Mng'arisha viatu alipaka, akapiga brashi, akavuta kitambaa huku na huku, na ncha ya kiatu cha kulia ilipong'aa, ndani ya mng'aro ikaonekana miguu ya meza, na juu ya meza karani mwenyewe amelalia faili, usingizi fofofo, mdomo wazi.

Karani aliinama kutazama. "Hiyo ni siku ya moto," akasema. "Nalikumbuka hilo shati. Nilikuja kuamshwa na king'ora."

"Nifute nipake upya?"

"Acha tu. Nani asiyejua kwamba nalala?"

Kufikia Alhamisi jengo zima lilikuwa limeshaelewa mambo yanavyokwenda. Kiatu chochote kilichopakwa dawa ile kilionyesha kilichokiona siku ya moto, kuanzia saa tatu kamili. Picha ilidumu dakika kumi na moja, kisha ikaanza upya, na mng'aro ulipofifia baada ya siku tatu nayo ikafifia. Viatu vilivyonunuliwa baadaye havikuonyesha kitu. Mke wa wakili mmoja alikuja na viatu vya mumewe ndani ya mfuko, akakuta siku hiyo mume alikuwa palepale aliposema yuko, akaondoka amenuna.

Mng'arisha viatu hakushangaa. Alichowaza ni mabuti ya mumewe. Mume wake alikuwa mlinzi wa kile kiwanda, na mpaka leo alikuwa akizilinda kuta zilizobaki. Polisi, kamati ya uchunguzi na mama yake mzazi, wote aliwaambia neno moja: moto ulipoanza alikuwa lango la mbele, na ufunguo wa mlango wa nyuma alikuwa nao meneja. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumtilia shaka. Marehemu wifi alikuwa dada yake wa pekee. Makaburini walimshika watu wawili.

Lakini tangu habari za viatu zilipomfikia, mume alirudi kutoka kazini mabuti yamejaa vumbi, akayavua nje, akaingia nayo mkononi na kuyasukuma chini ya kitanda, upande wake wa ukutani. Katika ndoa yao yote haikuwahi kupita wiki bila mke kumwambia, "Lete hayo mabuti niyapake." Sasa wiki ya pili ilikuwa inapita, na kila alipofungua mdomo alijikuta anauliza kama chumvi imekolea.

"Imekolea," mume alijibu, bila kuonja.

Ijumaa mkaguzi wa viwanda alishuka ngazi mbiombio. Alikuwa anakwenda mbele ya kamati saa nne, kueleza kwa nini ripoti yake ilisema milango yote ya kiwanda ilikuwa inafunguka. Akaweka mguu juu ya kisanduku.

"Fanya haraka, dada. Ving'ae hasa, leo ni siku kubwa."

"Mheshimiwa, unajua dawa yangu siku hizi..."

"Wewe paka."

Akapaka. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Katika kiatu cha kushoto ilionekana ofisi ya meneja wa kiwanda, zulia, na mkaguzi anakunywa chai huku anatia sahihi kwenye karatasi alizoziweka juu ya goti. Katika dakika ya tatu moshi ulipita dirishani. Mkaguzi wa kwenye kiatu aliutazama, akamalizia chai, akakunja karatasi, akatoka kwa mlango wa mbele.

Mkaguzi wa kwenye ngazi aliangalia mpaka mwisho, akanyoosha kidole.

"Hapo kwenye kisigino hapajang'aa," akasema.

Mng'arisha viatu akarudia kisigino. Mkaguzi alikwenda kwenye kamati, akapandisha mguu mmoja juu ya mwingine kama ilivyo kawaida yake, na wajumbe watano wakaona walichokiona. Karani wa masjala, aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao, alisema baadaye kwamba mwenyekiti alimwagiza aandike: shahidi alifika kwa wakati, amevaa nadhifu.

Siku hiyo mng'arisha viatu alikwenda nyumbani kwa mguu, akisimama kila kona bila sababu. Alijiambia kwamba akifika atayachukua yale mabuti na kuyatupa chooni. Halafu akajiambia kwamba mtu hatupi mabuti ya mumewe kwa sababu ya kitu ambacho hajakiona. Alipofika, mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Nimesikia habari za mkaguzi," mama mkwe akasema. "Kopo lako liko wapi?"

"Mama, leo nimechoka."

"Sikusema upake wewe."

Jumapili mchana, baada ya kula, mume alipokuwa amekaa bado mezani, mama yake aliingia chumbani kwao. Hakuwa amewahi kuingia chumba kile tangu mwanawe aoe. Walimsikia akipiga magoti, wakamsikia akivuta kitu kwenye sakafu. Akatoka na mabuti mawili, akaketi kwenye kigoda, akatandaza gazeti.

"Mama, mabuti hayo yamechoka," mume akasema. "Nitanunua mengine."

"Utanunua. Haya nayapaka."

Aliondoa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Akasubiri yakauke. Mng'arisha viatu aliangalia mikono ya mama mkwe na kuona kwamba anachukua dawa nyingi mno kwa mara moja, akaona pia kwamba hawezi kumwambia. Buti la kulia likaanza kung'aa.

Buti huona kwa chini. Lilikuwa limeona sehemu ya chini ya mlango wa chuma, uwazi wa vidole vinne kati ya mlango na sakafu, na moshi unatoka hapo. Hapakuwa na lango la mbele. Pembeni palikuwa na viatu vya kahawia vyenye kishikizo cha shaba, viatu vya meneja. Mkono wa mlinzi ulikuwa unaning'inia, na mkononi mna ufunguo. Mkono wa meneja ulionekana mara moja tu, kiganja kimetazama chini, kama mtu anayemtuliza mbwa. Kwa nyuma vijana wa stoo walikuwa wanapita na marobota ya mashati.

Katika dakika ya nne vidole vilitokeza chini ya mlango. Kidole cha shahada kilikuwa na ukucha uliopasuka katikati, pale sindano ya cherehani ilipopita miaka mingi nyuma. Mama mkwe alikuwa amekifunga kidole kile yeye mwenyewe, kwa kipande cha shuka.

Walitazama dakika zote kumi na moja. Mabuti hayakusogea. Ufunguo uliinuka mara mbili mpaka usawa wa kufuli, na mara mbili ukashuka.

"Ulikuwa nao," mama mkwe akasema.

"Nilikuwa nao, mama."

"Akakwambia nini?"

"Alisema ngoja. Alisema mashati yatoke kwanza, tukifungua sasa watu watatoka nayo." Mume aliweka mikono juu ya meza, akaitazama. "Nilidhani ni dakika moja tu. Kila nikidhani, ilikuwa dakika moja tu."

"Ulijua yumo."

"Nilijua."

Picha ilikuwa imeanza upya. Dakika ya nne vidole vilitokeza tena, vikiwa hai. Mama mkwe alivitazama, kisha akalipakata lile buti.

"Kesho uwapelekee," akasema. "Uende nayo miguuni."

Jumatatu alfajiri mng'arisha viatu aliyapaka mwenyewe, kwa mkono wa kazi, tabaka mbili nyembamba, ili pasiwe na wa kusema haoni vizuri. Mume alisimama mbele ya kamati, akaeleza yote bila kuulizwa, akavua mabuti na kuyaweka mezani. Wajumbe waliyatazama dakika kumi na moja. Mmoja aliomba aione tena dakika ya nne. Chai ililetwa, ikapoa.

Mwenyekiti alivua miwani. "Hii dawa," akauliza, "imepimwa na ofisi ya viwango?"

"Mke wangu anaitengeneza jikoni, mheshimiwa."

"Kwa hiyo haijapimwa."

"Haijapimwa. Lakini mimi mwenyewe nakwambia kwa mdomo wangu."

"Wewe ulishatuambia kwa mdomo wako kwamba ulikuwa lango la mbele," mwenyekiti akasema kwa upole. "Karani, andika kwamba shahidi amejichanganya."

Ripoti ilitoka baada ya wiki tano. Ilisema chanzo cha moto ni joto. Mkaguzi alihamishiwa ofisi yenye dirisha kubwa. Idara ilitoa waraka kwamba watumishi wote wanunue viatu vipya kwa ajili ya heshima ya utumishi wa umma, na mng'arisha viatu hakupata kuona viatu vingi vizuri kama mwaka ule.

Kiwanda kilijengwa upya, kikapakwa rangi ya maziwa. Mlango wa nyuma uliwekwa wa chuma kinene zaidi, na uwazi wa chini ukazibwa kwa saruji. Meneja alimwita mlinzi wake wa zamani, akampa kazi ya mlango ule, na kumpa mabuti ya mpira, ya aina isiyopakwa dawa. Aliwaambia waliokuwepo kwamba mlinzi anayejua kungoja hapatikani ovyo. Mlinzi aliyapokea. Nyumbani walihitaji kula.

Mama mkwe alibaki na yale ya zamani, akiyapaka upya kila mng'aro ulipofifia. Kila siku saa tatu asubuhi alikaa nayo mlangoni, la kulia mapajani, na majirani waliopita walimsalimia kwa sauti ya chini, wakijua amepata mgeni. Dakika ya nne alikuwa anaweka kidole chake juu ya kile cha kwenye mng'aro. Dakika ya kumi alikuwa anatazama pembeni. Mwanawe alipotoka kwenda kazini alimpitia karibu, akamwamkia, naye akaitikia. Hawakuwa na mazungumzo mengine.

Siku kiwanda kilipofunguliwa, mwanamke mmoja kijana alisimama mbele ya kisanduku cha mng'arisha viatu, amevaa viatu vyeusi vya kamba, vipya kabisa.

"Nimepata kazi pale kwenye mashati," akasema. "Nipake, nisiende kama mtu aliyeokotwa."

Mng'arisha viatu alimpaka. Viatu viling'aa, na ndani yake hapakuwa na kitu ila uso wa mwenyewe anajitazama, anacheka.

"Umenipendezesha, shangazi. Eti wafanyakazi tunaingilia mlango gani?"

"Wa nyuma."

"Na mtu akitaka kutoka mapema?"

Mng'arisha viatu alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena. "Mlinzi ni mume wangu," akasema. "Mzoee. Mwambie jina lako kila siku unapoingia. Mwambie na jina la mama yako."

"Nikimwambia ndiyo atanifungulia?"

Mng'arisha viatu alimwomba mguu wa pili, ingawa alikuwa ameshaupaka.