Taa ya Maji

Mume wangu Léon, ambaye kazini walimwita citoyen Okito, yaani raia Okito, hakuogopa askari wala mkubwa wa chama, lakini alitishwa na taa moja nyekundu ndani ya gari letu. Taa yenyewe ndogo kama punje ya mahindi. Ikiwaka, maana yake maji ya kupoza mashine yamepungua, nayo ilikuwa inawaka na kuzimika ipendavyo.

Mdogo wangu Odile alikuwa Pangi, mimba yake imefika. Mtoto wake wa kwanza alikufa wakati wa kuzaliwa, hakuna wa kumsaidia, mumewe yuko mbali Kampene anachimba madini. Safari hii alituma neno kwamba tumfuate, azalie hospitali ya kwetu Kindu. Niliapa huyu wa pili hatapotea. Kilichobaki ni gari kuondoka tu.

Sasa sikiliza vituko. Asubuhi Léon anageuza ufunguo, taa inawaka. Anamimina maji kwenye kibido, kile chombo cha plastiki cha maji kando ya mashine, mpaka taa izimike. Majirani wanasukuma, gari linateremka, linanguruma. Batri zilikuwa taabu miaka ile, kwa hiyo mtaani kwetu Mikelenge kila mwenye gari aliliegesha mtelemkoni, pua chini, ili kesho liwake kwa kusukumwa. Akifika kwa fundi Sudi, kwenye tambarare ya soko, taa kimya, ila chini ya gari maji yanadondoka.

"Iko inavuja," Sudi akasema, akakaza mipira yote. Kesho yake nyumbani, taa ikawaka. Akabadilisha kifuniko cha kibido. Ikawaka. Akataka kukata waya wake, Léon akaruka.

"Hapana, Sudi! Ukiiua, nitajua je kama maji imeisha katikati ya pori?"

"Lakini hapa kwangu iko muzuri, citoyen. Kwako njo inagonjwa. Labda kuko mutu anakuja kutoa maji usiku."

Tangu hapo Léon akawa anamtazama jirani yetu Édouard kwa jicho baya. Niliuliza ni mwizi gani anayeacha magurudumu akaiba maji.

"Odile hatangoja taa yako!" nikamfokea Léon.

"Scholastique, unataka tukwame mu pori na mutu wa mimba?"

Hapo alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Jumamosi ikawa Salongo, kazi ile ya lazima ya kila raia. Tulichimba mifereji, udongo ukaziba njia yetu, gari likalala mahali tambarare karibu na kanisa. Jumapili taa haikuwaka kabisa. Badala ya kufurahi, Léon akachanganyikiwa kuliko kwanza. Njia ilipozibuliwa, akalileta nyumbani tupakie vitu, akaliegesha pua chini kama kawaida, akageuza ufunguo. Taa hiyo!

Akakaa chini, kichwa mikononi. Mimi nilikuwa naosha vyombo palepale kwenye mtelemko, roho inachemka. Nikatazama beseni. Maji yalikuwa yamejaa upande wa chini, na upande wa juu kitako chake kinaonekana.

"Léon, angalia hii beseni."

"Mi niko na shida ya gari, unaniletea beseni?"

"Maji haikupunguka. Imelala upande moja, jicho ya taa inabaki kavu!"

Akatazama beseni, akatazama gari. "Basi ile inayomwagika kwa Sudi ni nini?"

"Njo ile unaongeza kila asubuhi! Inajaa kupita, ikipata moto inatoka."

Tukalisukuma hadi tambarare: taa ikazimika. Tukalirudisha: ikawaka. Hata baada ya kuelewa, tuliona kama tunachezewa.

Tuliondoka siku hiyohiyo, tukavuka mto kwa kivuko. Kila mtelemko taa iliwaka, Léon akikanyaga breki, nami nikimpiga mkono. Kila kilima ikazimika.

Odile tulimkuta amelala mkekani, mtoto wa kike ananyonya. Alizaa Jumamosi. Mtaa mzima ulikuwa umepelekwa Salongo, hakuna aliyemsikia akiita.

Nilimbeba yule mtoto, nikalia kwa furaha na kwa hasira, nisijue nimkasirikie nani. Léon naye, kwa aibu, akaanza kueleza: mtelemko, kibido, beseni, fundi Sudi. Odile alimsikiliza hadi mwisho.

"Shemeji," akasema polepole, "mi nilikata kitovu peke yangu, na wembe. Na nyinyi mulikuwa munaogopa taa?"