Swichi ya Chini ya Kiti

Waithera alijaza mafuta Kimilili, lakini pikapu yake iliyobeba kabichi za soko la Chwele ikakataa katakata kuwaka. Akamwakia Osman, mhudumu wa pampu. "Umenitilia dizeli wewe!"

"Ni petroli, mama, risiti hii hapa. Ulipozima, hukugusa kitu kingine?"

Waithera akanywea. Mumewe alikuwa ameficha swichi chini ya kiti, ya kukata umeme wa injini ili wezi wasiibe gari. Kila Waithera aliposhuka, mkono wake uliibonyeza wenyewe kwa mazoea. Akaibonyeza tena, akawasha. Pikapu ikanguruma, naye akashusha pumzi ndefu.

"Nisamehe, mwanangu. Gari halina neno."

"Kwani shida ilikuwa wapi, mama?" Osman akauliza.

"Hiyo," akasema akitia gia, "sikuambii hata kwa dawa."